Umeshasaini ndipo unaliona kosa: jinsi ya kusahihisha faili la mgonjwa kwenye mfumo

Ilikuwa Jumatatu, karibu saa saba mchana, foleni bado imefika mlangoni. Kwenye kituo nilichokuwa nikifanyia kazi hapa Moshi, wamama wawili walifuatana kuingia chumbani kwangu. Jina la kwanza moja, ukoo wote Mushi, umri umepishana mwaka mmoja. Mmoja ametoka Kibosho kufuatilia kisukari, mwingine ametoka Himo kwa ajili ya presha. Aliyefanya kazi Kilimanjaro anajua jinsi akina Mushi, Massawe, Lyimo na Kimaro wanavyojaa kwenye orodha ya siku. Nilimhudumia mama wa Kibosho huku faili lililo wazi kwenye kompyuta likiwa la mama wa Himo. Nikaandika kisukari, nikaandika metformini miligramu 500 kutwa mara mbili, nikasaini.

Baada ya muda simu ya dirisha la dawa ikalia. “Dokta, huyu mama ameandikiwa dawa ya presha na ya sukari, na anasema hajawahi kuambiwa ana sukari. Nimpe?”

Wakati huo mama wa Kibosho alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri jina lake liitwe. Halikuitwa, kwa kuwa kwenye faili lake sikuwa nimeandika chochote.

Nitaeleza hatua za kufuata, zikiwemo nilizofuata siku ile na moja niliyoisahau. Namwandikia tabibu, daktari, muuguzi na mtu wa maabara. Mifumo ni mingi: vituo vingi vya serikali vinatumia GoT-HoMIS, hospitali za mashirika ya dini na za binafsi zina mifumo yao, na vitufe havifanani. Lakini msingi wa kusahihisha andiko lililokwisha kusainiwa ni uleule kila mahali.

Kwa nini usifute

Tuliojifunzia kwenye karatasi tunakumbuka tulivyofundishwa. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno ili bado lisomeke, andika lililo sahihi kando yake, weka tarehe na saini. Tipeksi ilikuwa marufuku. Kanuni hiyo haikufa kompyuta zilipoingia. Mfumo wa OpenMRS, ulioanza kutengenezwa mwaka 2004 na watu wa Eldoret nchini Kenya wakishirikiana na wenzao wa Indiana nchini Marekani, umejengwa juu yake: mtumiaji wa kawaida akibonyeza kufuta, taarifa haiondoki. Inawekewa alama kwamba imebatilishwa, na nani, lini na kwa sababu gani, kisha inafichwa. Hata kanuni za FHIR, zinazotumika mifumo inapobadilishana taarifa, zina alama yake maalumu ya andiko “lililoingizwa kimakosa”.

Watu hudhani sababu ni kesi na mahakama. Hiyo ipo, lakini kwangu si ya kwanza. Kati ya saa uliyosaini na saa uliyoona kosa, kuna mtu ameshasoma maelezo yako na kuyafanyia kazi. Muuguzi amechoma sindano saa nne kwa kufuata ulichoandika saa tatu. Ukiingia saa tano ukabadilisha kimyakimya, yeye anabaki peke yake: mtu aliyechoma sindano ambayo haikuagizwa na yeyote. Kufuta kosa lako ni kumwachia mwenzako mzigo wako. Kwa hiyo kosa linabaki, na sahihisho linakaa juu yake, yote mawili yakisomeka.

Hatua ya kwanza: mgonjwa kabla ya kibodi

Usianze kuandika. Jiulize kwanza nani ameshafuata kosa hili, kisha piga simu au nenda kwa miguu yako: dirisha la dawa, wodini, maabara, chumba cha picha. Simamisha dawa, simamisha kipimo. Kama mgonjwa ameshaondoka, tafuta namba yake ya simu mapokezi umpigie kabla hajafika stendi.

Siku ile nilikwenda mwenyewe dirishani. Dawa ilikuwa bado haijatoka. Nikamchukua mama wa Kibosho kwenye benchi nikamrudisha chumbani. Kompyuta ilisubiri, na ilistahili kusubiri.

Kama mgonjwa ameshameza au ameshachomwa, mambo yanabadilika. Sasa una tukio la usalama wa mgonjwa: anapimwa na kuangaliwa, na mkuu wa zamu anajulishwa. Sahihisho la faili linafuata baadaye.

Hatua ya pili: tambua ni kosa la aina gani

Hapa ndipo wengi wanachanganya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna ulichosahau kuandika. Ulimsikiliza mapafu, ukaona yako safi, hukuandika. Hiyo inahitaji nyongeza tu, haibatilishi chochote. Kuna ulichoandika vibaya: goti la kulia badala ya la kushoto, uzito, tarehe, “hana mzio” kwa mtu aliyewahi kuvimba uso kwa penisilini. Hilo linahitaji sahihisho linalotaja kosa waziwazi. Na kuna andiko zima lililoingia kwa mgonjwa asiye wake, kama langu. Hilo linabatilishwa lote.

Halafu kuna kitu ambacho si kosa kabisa, na watu wanakisahihisha. Jumanne umeona mtu ana kikohozi na homa, ukaandika nimonia, ukampa amoksilini. Wiki mbili baadaye makohozi yamepimwa na ikaonekana ni kifua kikuu. Usirudi kwenye maelezo ya Jumanne! Jumanne ulifikiri nimonia kwa dalili ulizoziona Jumanne, na faili linapaswa kuonyesha hivyo. Andika maelezo mapya ya leo: majibu yamekuja, ugonjwa ni huu, matibabu yanabadilika. Nimewaona vijana wazuri, wenye nia njema, wakirudi kuyapamba maelezo ya zamani ili yafanane na majibu. Wanajiweka pabaya bila sababu, maana hawakuwa wamekosea.

Hatua ya tatu: ingia kwa jina lako

Kila kitu unachofanya kwenye mfumo kinaandikwa na mfumo wenyewe: akaunti gani, saa ngapi, kompyuta ipi. Ukisahihisha kwa akaunti ya mwenzako kwa kuwa aliiacha wazi, umetengeneza kosa la pili kubwa kuliko la kwanza. Toka, ingia kwa nywila yako.

Na kama kosa ni la mtu mwingine? Mwambie alisahihishe mwenyewe, ndiyo njia bora. Kama yuko likizo au amehamishwa, usiguse maelezo yake. Andika yako: “Nimekuta maelezo ya tarehe fulani yanasema hivi, mgonjwa leo anasema vile, na nimempima nikaona hivi.” Kisha mjulishe mganga mfawidhi. Unaandika ulichokiona wewe, husemi kwa niaba ya mtu asiyekuwepo.

Pia, kama malalamiko yameshafikishwa rasmi, au faili limeshaombwa na polisi, wakili au kamati, hata nukta usiongeze kwa uamuzi wako. Nenda kwa mganga mfawidhi kwanza.

Hatua ya nne: andika sahihisho lenyewe

Tafuta kwenye mfumo wako kitufe cha kuongeza nyongeza au kusahihisha andiko lililosainiwa. Kama hakipo, fungua maelezo mapya na neno la kwanza liwe SAHIHISHO, kwa herufi kubwa, ukitaja tarehe na saa ya maelezo unayoyasahihisha.

Sahihisho baya ninaloliona mara kwa mara ni hili: “Uzito urekebishwe, ni 11.2.” Anayesoma hajui ulikuwa ngapi, umejuaje, na kama mtoto amepewa dawa kwa uzito ule wa zamani. Sasa angalia hili, ambalo ningefurahi kulikuta kwenye faili lolote:

“SAHIHISHO, limeandikwa leo 14:20. Kwenye maelezo yangu ya leo 10:05 uzito umeandikwa kilo 112. Uzito sahihi ni kilo 11.2. Nimempima mtoto tena 14:10, mama yake akiwepo. Nukta iliachwa wakati wa kuandika. Parasetamoli ya 10:40 ilikokotolewa na muuguzi kwa kilo 11.2 kutoka kwenye kadi ya kliniki, kwa hiyo mtoto hakuzidishiwa. Muuguzi wa zamu na famasi wamejulishwa 14:15. Maelezo mengine yanabaki yalivyo.”

Mistari michache, na kila mtu amepata jibu lake. Kosa limetajwa kama lilivyoandikwa, sahihi imetajwa, njia ya kuijua imetajwa, athari kwa mgonjwa imetajwa, waliojulishwa wametajwa. Nukta hiyo moja si jambo dogo: kwa miligramu 15 kwa kila kilo, mtoto wa kilo 11.2 anapata miligramu 168 za parasetamoli. Kwa kilo 112 hesabu inatoa miligramu 1,680, na kompyuta inaikokotoa bila kusita.

Usijitetee kwenye sahihisho. “Foleni ilikuwa kubwa”, “mapokezi walichanganya kadi”: hayo peleka kwenye ripoti ya tukio au kikao cha idara. Faili ni la mgonjwa.

Saa ya Kiswahili na saa ya kompyuta

Nalitenga hili kwa sababu linatokea kwetu kuliko linavyotokea kwa waliotengeneza mifumo hii. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Mkunga anasema mtoto amezaliwa “saa tatu usiku”, anayeingiza taarifa anaandika 03:00. Ilikuwa 21:00.

Angalia inavyoharibu. Mtoto aliyezaliwa Jumapili 21:00 amesajiliwa kuwa amezaliwa Jumatatu 03:00. Siku ya kuzaliwa imebadilika, na umri wake umepungua saa sita. Akipata manjano, kiwango cha bilirubini, ile rangi ya njano iliyo kwenye damu, kinapimwa kwa kuangalia umri wa mtoto kwa saa. Kiasi cha kutisha kwa mtoto wa saa 20 kinaweza kuvumilika kwa wa saa 26. Tena kosa hili halionekani kwa macho, maana 03:00 ni saa halali kabisa.

Kwa hiyo ukisahihisha, andika saa kwa namba za mfumo, 21:00, na pale penye utata ongeza maneno: “21:00, yaani saa tatu usiku”. Kama umekuta kosa la saa sita kwenye faili moja, tazama na mengine ya zamu ile. Mara nyingi aliyeingiza ni mtu mmoja, na hajakosea mara moja tu.

Umeme au mtandao ukikatika mkaandika kwenye karatasi, ukiingiza baadaye taja saa mbili: saa huduma ilipotolewa na saa unapoingiza. Usiurudishe muda nyuma ili ionekane uliandika papo hapo.

Hatua ya tano: andiko likiingia kwa mgonjwa mwingine

Hapa una mafaili mawili ya kutengeneza, na watu wengi hutengeneza moja.

Kwenye faili lisilo lake, batilisha andiko lote kwa sababu iliyo wazi: “Maelezo ya 12:50 si ya mgonjwa huyu. Yameingizwa kimakosa. Yasitumiwe kwa uamuzi wowote wa matibabu.” Usitaje jina wala namba ya faili ya mgonjwa mwingine. Fikiria maelezo hayo yangekuwa ya CTC, kliniki ya watu wanaoishi na VVU: ungekuwa umetangaza hali ya mtu ndani ya faili la jirani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Uhusiano kati ya mafaili mawili uandike kwenye ripoti ya tukio inayokaa kwa uongozi.

Kwenye faili la mwenyewe, andika maelezo upya kama yaliyochelewa, kwa saa halisi ya leo, ukisema mgonjwa alionwa saa ngapi. Usinakili na kubandika kutoka faili la kwanza bila kusoma. Muulize mgonjwa tena, mpime tena presha kama bado yupo.

Kisha angalia vilivyofuatana na andiko: oda za maabara, dawa, malipo, picha. Damu ikiwa imeshatolewa kwa lebo ya jina lisilo lake, mweleze mtu wa maabara, na sampuli ichukuliwe upya. Usimwombe abadilishe jina kwenye majibu, hasa ikiwa ni kundi la damu. Kundi la damu lililowekwa kwa mtu asiye wake linaweza kumuua miaka mitano baadaye, siku ya operesheni, wakati hakuna anayekumbuka lilivyoingia.

Hatua ya sita: orodha zinazobaki nyuma

Hii ndiyo niliyoisahau.

Nilibatilisha maelezo ya mama wa Himo vizuri, famasi wakaiondoa metformini, nikaenda nyumbani nikijua nimemaliza. Mwezi uliofuata akarudi kliniki akaonwa na tabibu mwingine. Yule akafungua faili, akatazama pembeni kwenye orodha ya magonjwa, akamuuliza: “Mama, dawa za sukari unaendelea nazo vizuri?”

Mama akaja kunitafuta kwenye korido, kitenge amekibana kifuani. “Dokta mwanangu, si uliniambia sukari sina?”

Nilikuwa nimesahihisha maelezo, nikaiacha alama. Nilipochagua kisukari siku ile, mfumo uliandika E11, alama ya kisukari, kwenye orodha ya magonjwa yake, kando na I10 ya presha, na orodha hiyo haifungamani na maandishi. Kwenye mifumo mingi iko hivyo: orodha ya magonjwa, ya mizio na ya dawa anazotumia zinajitegemea. Ukibatilisha maelezo, zenyewe zinabaki. Fungua moja moja, toa kisichostahili, andika sababu.

Alama hizo za magonjwa ndizo zinazohesabiwa kwenye taarifa za mwezi za MTUHA, mfumo wa serikali wa takwimu za huduma za afya. Kama mwezi umeshafungwa, mwambie mtu wa takwimu. Ana utaratibu wake wa kurekebisha. Na kama dai la bima limeshatumwa, nenda kwa watu wa madai na sahihisho lako mkononi. Nasema hili kwa uzito: kubadilisha ugonjwa ili dai lipite si kusahihisha. Ni udanganyifu, hata ukiombwa kwa sauti ya upole na mtu unayemheshimu.

Hatua ya saba: fuata nakala zilizotoka nje

Faili likiwa safi, karatasi bado zinatembea. Barua ya rufaa, muhtasari wa kuruhusiwa, majibu yaliyochapishwa, picha ya skrini iliyotumwa kwa WhatsApp. Mgonjwa uliyempa rufaa kwenda hospitali ya KCMC ameshaondoka na barua inayosema goti la kulia. Piga simu kwenye kliniki aliyoelekezwa, tuma barua mpya iliyoandikwa juu kabisa kwamba inachukua nafasi ya ile ya tarehe fulani, na uandike kwenye faili umeongea na nani, saa ngapi.

Kisha mwambie mgonjwa. Kwa maneno mepesi, uso kwa uso: “Mama, leo asubuhi niliandika kwenye faili lako ugonjwa usio wako. Nimelisahihisha. Dawa ulizopewa ni sahihi. Ukiulizwa popote kuhusu sukari, sema hapana.” Sijawahi kumwona mgonjwa aliyekasirika kwa kuambiwa hivyo mapema. Wanaokasirika ni wanaogundua wenyewe.

Mgonjwa naye akija na kosa alilolikuta, mpokee. Sheria ile ya 2022 inampa haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe. Tarehe ya kuzaliwa, kijiji, mzio, upande wa mwili: thibitisha, sahihisha. Panapokuwa pagumu ni kwenye maoni ya daktari, kwa mfano mzee anayetaka maneno “anatumia pombe nyingi” yaondolewe. Kama bado unaamini ulichoandika, yanabaki, na kauli yake inaandikwa kando kama alivyoisema. Marekani ndivyo kanuni zao za faragha ya afya zinavyoelekeza: kituo kina siku 60 za kujibu ombi, na kikikataa, mgonjwa ana haki ya kuweka kauli yake ya kupinga kwenye rekodi. Nadhani ni utaratibu wa haki kwa pande zote mbili.

Hatua ya mwisho: tazama kwa macho ya mwingine

Usimalizie kwenye kompyuta yako. Nenda chumba cha muuguzi, mwombe Sista afungue faili kwa akaunti yake kama angefungua siku nyingine yoyote, na umwache asome bila kumwelekeza. Kama anaona maelezo ya zamani kwanza na sahihisho limejificha kurasa mbili chini, waite watu wa TEHAMA walivute juu, au uandike tahadhari pale mfumo unaporuhusu, juu ya faili. Kama anasoma sahihisho kabla ya kosa, na orodha ya magonjwa, ya mizio na ya dawa zote zinakubaliana nalo, andika kwenye kitabu cha ripoti ya zamu kwamba faili la namba hiyo limesahihishwa, saa ngapi na nani, ili wa zamu ya usiku alikute.